Likizo ya Ini

Daktari alikuwa na maneno mengi ya kuchagua. Angeweza kusema acha, punguza, jizuie. Akachagua likizo.

"Lipe ini lako likizo, mzee wangu. Mwezi mmoja tu, halafu tupime tena tuone."

Alilisema kwa tabasamu, kama mtu anayemzungumzisha mgonjwa huku anamdunga sindano. Hakujua kwamba aliyekaa mbele yake alikuwa afisa utumishi wa kiwanda cha mabati, mtu ambaye kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake ilikuwa kuidhinisha likizo za watu mia nne na kuhakikisha kila aliyeondoka anarudi siku ileile iliyoandikwa kwenye fomu. Kiwandani walimwita Bwana Tarehe. Mchomeleaji mmoja aliwahi kuchelewa siku moja kwa sababu mto ulifurika na daraja likasombwa. Alipewa barua ya onyo. "Mto haukusaini fomu," Bwana Tarehe alimwambia, wala hakuwa anatania.

Kwenye kiti cha pili alikaa mkewe. Yeye alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali hiyohiyo, na vipimo vilivyokuwa mezani kwa daktari alikuwa amevifanya yeye mwenyewe. Naye alikuwa na jina lake la kazini: Mama Desimali. Alilipata siku karani alipomwomba aandike saba badala ya sita nukta nane ili jedwali lipendeze. "Mgonjwa ana sita nukta nane," alimjibu. "Hiyo saba ni ya nani?"

Vipimo vilisema hivi. Shinikizo la damu, 158 kwa 96. Kimeng'enya cha ini, kile kinachopanda kwa wanywaji, kilikuwa 212, na kikomo ni 60. Bwana Tarehe alikuwa akinywa chupa tano za bia kila jioni, na saba siku ya Jumamosi. Daktari alimuuliza kama mikono humtetemeka asubuhi, kama huamka ametota jasho, kama amewahi kupatwa na degedege, maana mtu wa namna hiyo hatakiwi kukatisha pombe ghafla bila kuangaliwa. Bwana Tarehe alisema hapana, na mkewe akathibitisha.

Walipotoka kwenye lango la hospitali, Bwana Tarehe alisimama.

"Ishirini na nane."

"Ishirini na nane nini?"

"Likizo ya mwaka ni siku ishirini na nane. Mwezi ni lugha ya mtaani. Mwezi gani? Kuna wa thelathini, kuna wa thelathini na moja."

Jioni ile alirudi na fomu halisi ya kiwanda, akaijaza kwa kalamu ya wino mweusi, akaibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku. Jina la mwombaji: Ini. Cheo: Mchujaji Mkuu. Sababu ya kuomba likizo: Uchovu wa muda mrefu. Tarehe ya kuondoka: Jumamosi. Tarehe ya kurejea kazini: Jumamosi, wiki nne baadaye. Akasaini mahali pa mwombaji na mahali pa mwidhinishaji. Binti yao wa miaka kumi na minne alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Mkewe naye alicheka. Kisha akaisoma tena fomu na kidole chake kikasimama mstari wa mwisho.

"Hii tarehe ya kurejea si lazima uijaze."

"Fomu isiyo na tarehe ya kurejea si ya likizo, mama. Hiyo ni ya kuacha kazi."

"Na akiacha kazi?"

"Nani?"

"Mchujaji Mkuu."

Bwana Tarehe akamtazama kama anavyomtazama mfanyakazi aliyekuja na ombi lisilo na kifungu. "Huyo hana mbadala," alisema, akaenda kuoga.

Siku tatu za kwanza zilikuwa mbaya. Hakulala vizuri, alijigeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango, na mchana aliwaka kwa mambo madogo: mlango uliogongwa, kijiko kilichoanguka. Alikula mkate na jamu, slesi sita kwa mkupuo, maana mwili uliokosa bia ulidai sukari. Mkewe alimweleza kinachoendelea ndani kwa maneno mafupi. Pombe humwangusha mtu usingizini haraka kisha humvuruga usingizi huohuo katikati, na ubongo uliozoea kubembelezwa huchukua siku kadhaa kujifunza kulala wenyewe. Ini, alisema, lina bahati ambayo viungo vingine havina: likiachwa, hujirekebisha. "Ile 212 itashuka. Karibu nusu kila wiki mbili au tatu. Hiyo si imani, ni hesabu."

"Nitaishika hesabu hiyo," alisema Bwana Tarehe.

Siku ya tisa alilala mpaka asubuhi bila kuamka hata mara moja. Mkewe aliliandika hilo kwenye daftari. Aliandika kila kitu. Jumapili ya pili shinikizo la damu lilikuwa 144 kwa 90. Ya tatu, 136 kwa 86. Uzito ulipungua kilo moja, kisha mbili, kisha tatu na nusu. Uvimbe wa chini ya macho, ambao mkewe alikuwa ameuhesabu kuwa sehemu ya sura yake, ukaondoka na kumwacha na uso wa mtu aliyemfahamu zamani. Kukoroma kulikuwa kumepungua kiasi kwamba usiku mmoja mama huyo aliamka kwa sababu ya kimya, akaweka kiganja kwenye kifua cha mumewe kuhakikisha.

Kuna mambo ambayo daftari halikuwa na safu ya kuyaandika. Bwana Tarehe alianza kuona. Siku ya kumi na moja alisimama sebuleni, akaelekeza kidole kwenye doa la unyevu lililotambaa kutoka darini hadi nyuma ya kabati.

"Huu ukuta umeanza lini?"

"Mwaka juzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulisema utaita fundi."

"Nilisema?"

"Mara nne."

Alikaa kwenye kochi akilitazama lile doa. Hakuuliza kingine alichoambiwa mara nne.

Jioni, saa ambayo zamani ilikuwa ya chupa ya pili, alikaa na binti mezani na kumfundisha uwiano. Mifano yake yote ilikuwa ya likizo. Mfanyakazi akifanya miezi mitatu anapata siku saba. Je, akifanya miezi mitano? Binti alikuwa mzito wa hesabu, au hivyo ndivyo nyumba nzima ilivyoamini. Katika jaribio la wiki ya tatu alipata sabini na moja. Alikuja na karatasi akaiweka mbele ya baba yake, na baba akaisoma swali kwa swali, akaona alama moja ambayo mwalimu alikuwa amesahau kuijumlisha.

"Sabini na mbili," alisema. "Kesho mpelekee akurekebishie. Usimwachie mtu chako."

Jumamosi moja alikuja mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kifuniko kwa sababu hufungua chupa kwa meno. Alikuwa fundi wa mabomba, mtu wa maneno mengi, na kwa miaka kumi ndiye aliyekuwa mwenzake wa kaka yake katika zile chupa saba. Alikuta kaka ameshika soda.

"Salaleh! Kaka, umeingia utawa?"

"Ini liko likizo. Soma mlangoni pa friji."

Kifuniko alikwenda, akasoma, akarudi ameshika mbavu. "Sawa, ini liko likizo. Na figo je? Figo si ziko zamu? Ziletee kazi basi, zisije zikakaa bure mkazilipa mshahara!"

"Figo zinamsaidia mwenzao."

"Shemeji," Kifuniko alimgeukia mama wa nyumba, "umemfunga ndugu yangu kamba."

"Kamba kajifunga mwenyewe, shemeji. Hata fundo kapiga yeye."

"Haya. Fundo lina tarehe, nimeiona." Alimpiga kaka yake begani. "Siku hiyo nakuja na kreti. Mfanyakazi akitoka likizo, wenzake wanampokea. Au sivyo?"

Bwana Tarehe alicheka. Mkewe alisubiri amalize kucheka aseme hapana. Alimaliza, akanywa soda yake.

Siku ya ishirini na nne alimuuliza waziwazi. Walikuwa barazani, yeye anachambua mchele, mumewe amevaa suruali iliyokaa kwenye kabati miaka miwili kwa kuwa ilimbana.

"Jumamosi ikifika?"

"Tutaangalia vipimo."

"Vikiwa vizuri?"

"Basi ini limepumzika, linarejea kazini. Ndiyo maana ya likizo. Mtu aliyetoka likizo na nguvu zake huwezi kumwambia kaa tena nyumbani, atakuuliza amekosa nini."

"Na vikiwa vibaya?"

Alifikiri kweli, maana swali lilikuwa la kikanuni. "Vikiwa vibaya, hapo daktari anaongeza siku. Likizo ya ugonjwa. Hilo lipo, kifungu cha kumi na sita." Kisha akasema jambo ambalo mkewe alilala nalo siku nne. "Namba utakayoleta wewe, mimi naifuata. Huyo daktari anatabasamu mno, simwamini. Ila wewe hujawahi kusogeza hata desimali. Ukisema ni vibaya, ni vibaya."

Ijumaa asubuhi, siku ya ishirini na nane, alimtoa damu mumewe kabla ya kifungua kinywa, akaenda nayo kazini ndani ya kisanduku chenye barafu, akaiweka kwenye mashine pamoja na sampuli nyingine ishirini. Saa nne na robo jibu lilitoka.

Sitini na nne.

Alirudia. Sitini na nne. Siku ishirini na nane bila dawa, bila mzizi wa mtu yeyote, na kutoka 212 kimeng'enya kilikuwa kimebakiza hatua nne tu kufika kikomo. Alikuwa amesoma majibu ya ini ya maelfu ya watu na hakukumbuka mteremko mzuri kuliko huu. Mwanamke mwingine angeinua mikono juu. Yeye alikaa kwenye stuli akaiangalia ile namba kama mtu anayesoma hati ya kumruhusu mfungwa kurudi kwenye kosa lake. Alijua kinachofuata, maana nacho alikuwa amekisoma mara maelfu: anayerudia kiasi kilekile hurudia namba ileile, na haichukui miezi.

Alifanya uamuzi wake kitaalamu, na hapo ndipo alipopotea. 240 ingekuwa ujinga. Mtu aliyeacha pombe hapandi. 212 ingeonekana imenakiliwa. 150 ingemtia moyo kupita kiasi. Alihitaji namba ambayo bado ni mbaya, lakini imesogea kidogo, namba inayosema njia ni ndefu lakini unaelekea. Akachagua 198. Kwenye kompyuta na kwenye daftari la maabara aliiacha 64 kama ilivyo. Printa ya majibu ilikuwa nzima. Hata hivyo akachukua karatasi tupu ya majibu akaijaza kwa mkono, akapiga muhuri. Ile karatasi iliyotoka kwenye mashine, aliyokuwa ameshaipiga muhuri, aliikunja akaitia kwenye mkoba.

Saa kumi na moja jioni Bwana Tarehe aliipokea karatasi akiwa amesimama. Aliisoma, akavuta kiti, akaomba penseli ya binti.

"Inashuka," mkewe alisema. "Polepole, lakini inashuka. Daktari ataongeza siku. Likizo ya ugonjwa."

Bwana Tarehe aliinama mezani. Alikuwa anaandika. Mama Desimali, ambaye katika yale mahesabu yake yote hakuwa amekumbuka kwamba mumewe huishi kwa kugawanya siku, aliangalia penseli ikitembea, na akajua kabla haijasimama.

"Kumi na nne," alisema Bwana Tarehe. "Siku ishirini na nane, nimeshusha kumi na nne. Nusu kwa siku. Kutoka hapa hadi sitini ni mia moja thelathini na nane. Siku mia mbili sabini na sita." Alipiga mstari chini ya jibu. "Miezi tisa. Hiyo si likizo, mama. Hiyo ni mimba."

"Haishuki kwa mstari ulionyooka. Inaweza ikaanza taratibu..."

"Uliniambia nusu kila wiki mbili au tatu. Uliniambia si imani, ni hesabu. Leo ilitakiwa iwe kama themanini, au pungufu." Aliongea bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimeifanya hesabu hiyo kila siku kichwani. Nikiwa ofisini, nikiwa naoga. Mia mbili na kumi na mbili, mia na sita, hamsini na tatu. Sasa ini lisilosikia hata likizo ni ini gani?"

Mkewe aliusogeza mkoba wake karibu.

"Mfanyakazi akiumwa zaidi ya miezi sita, unajua kanuni inasemaje? Anastaafishwa kwa sababu za afya. Hatusubiri. Tunampa mkono wa kwaheri." Alisimama, akaiweka penseli pale alipoitoa. "Limestaafu hili. Wiki nne nimekula mkate kama mtoto aliyeachishwa ziwa, nimeshika soda mbele ya mdogo wangu kama mtu wa msibani. Kama kunywa ni kufa na kutokunywa ni kufa, afadhali kile chenye povu."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi moja ingetosha. Mkewe aliipima, akaona kwamba sentensi hiyo nayo ingefungua chupa, akasubiri kesho ilete njia ya tatu. Kesho haikuileta.

Jumamosi saa nane mchana Kifuniko aliingia na kreti begani. "Hodi hodi! Yuko wapi mfanyakazi wetu?" Aliitua mezani, kando ya binti na vitabu vyake, na mara akaona nyuso. "Mbona kama mmefiwa?"

"Kaa," alisema Bwana Tarehe. "Fungua."

"Ngoja," mkewe alisema. Aliufungua mkoba, akatoa karatasi ya mashine, akaiweka juu ya meza. "Ile niliyokupa jana si kweli. Niliiandika mimi. Namba yako ni sitini na nne."

Binti alitazama karatasi, kisha mama.

"Mama, ulidanganya?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ili baba yako aendelee."

Kifuniko aliisogelea meza. "Hebu hebu. Shemeji, sitini na nne ni nzuri au mbaya?"

"Ni nzuri sana."

"Basi tatizo liko wapi?"

Bwana Tarehe alikuwa amezitoa karatasi zote mbili mwangani, moja mkono huu, nyingine mkono ule. Alizikagua kama alivyozoea kukagua vyeti vya ugonjwa vinavyoletwa na wavivu: mwandiko, tarehe, muhuri. Aligeuza nyuma. Alinusa wino, kwa mazoea.

"Muhuri ni uleule," alisema.

"Ni wangu."

"Nimefukuza watu kumi na saba kwa vyeti vya kughushi. Kumi na saba. Wengine nilijua watoto wao wanaumwa kweli." Aliziweka chini. "Niambie, niamini kipi?"

"Hiki cha mashine."

"Mashine anaiendesha nani?"

"Baba watoto, tafadhali. Twende sasa hivi maabara nyingine, yoyote unayotaka wewe. Nisiiguse hata chupa ya sampuli. Watapima watakuambia."

"Jana mia tisini na nane, leo sitini na nne. Unashusha kama mchuuzi anayeona mteja anaondoka." Alizungumza taratibu, akiisogeza karatasi moja hadi ukingo wake ukalingana na wa mwenzake. "Haya, tuseme cha jana ndicho. Ini limekufa, sina sababu ya kuendelea. Tuseme cha leo ndicho. Ini limepona, limerejea kazini, sina sababu ya kuendelea. Chagua wewe, mtaalamu. Mimi kwangu ni mamoja."

"Hiyo si hesabu."

"Hesabu ulikuwa nayo wewe. Ulikuwa nayo peke yako, nikakuachia."

Alinyoosha mkono kwenye kreti akatoa chupa, akampa mdogo wake. Kifuniko aliishika bila kuipeleka mdomoni.

"Kaka," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mlangoni, "kama ni sitini na nne kweli... Angalia hata uso wako. Mimi nilikuwa nakutania tu. Tunaweza kuiacha hii kreti, nairudisha dukani, hawana neno."

"Ulisema mfanyakazi akirudi anapokewa."

"Nilisema, lakini..."

"Nipokee."

Kifuniko alitafuta kifungulio cha chupa kwenye droo, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile. Binti alifunga daftari lake la hesabu, akakusanya rula na penseli, akaenda chumbani kwake na kuufunga mlango bila kuubamiza. Bwana Tarehe alikunywa ile ya kwanza akiwa amefumba macho. Ya pili aliinywa ameyafumbua. Mkewe alihesabu mpaka ya saba, kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa maabara akajiripoti mwenyewe: jibu la mgonjwa limetolewa kwa uongo, mtoaji ni mimi. Mkuu, ambaye alikuwa amefundishwa kazi na Mama Desimali, alimsihi asiliandike. Aliliandika. Alipewa onyo na kukatazwa kushughulikia sampuli ya ndugu yeyote. Barua aliileta nyumbani. Bwana Tarehe aliisoma, akasema imeandikwa vizuri, kasoro aya ya tatu.

Hakuwa mkorofi. Alirudi kwenye chupa tano za jioni na saba za Jumamosi, kwa saa zilezile, na kazini hakuchelewa. Alimwita fundi, doa la ukutani likapigwa plasta. Alimsaidia binti hesabu mara mbili zaidi, jioni, baada ya chupa ya tatu. Mara ya pili alikosea kugawanya, binti akaona, akaliandika vilevile jibu la baba yake. Hakumwomba tena.

Mkewe aliendelea kumweleza ukweli, maana hakuwa na kingine cha kumweleza. Alimwambia kwamba wiki nne zile hazikupotea, kwamba mwili uliowahi kujirekebisha unaweza kurudia, kwamba anaweza kuanza tena Jumatatu yoyote. Bwana Tarehe alisikiliza kwa adabu kila mara.

"Hiyo ya kweli," aliuliza, "au ya kwako?"

Mwezi wa tatu baada ya kreti ile, daktari alimwita tena. Safari hii alikwenda peke yake, na vipimo akavifanya kwenye maabara ya binafsi upande wa pili wa mji, mahali ambapo mkewe hakumjua mtu hata mmoja. Alirudi na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi. Aliifungua barazani, ameipa nyumba mgongo. Mkewe aliona mabega yake tu. Yalikaa vilevile.

"Ngapi?" aliuliza kutoka mlangoni.

"Majibu ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa. Si ndivyo kanuni yenu inavyosema?"

Ndivyo ilivyosema.

"Niambie hata kama imepanda au imeshuka."

Bwana Tarehe aliirudisha karatasi ndani ya bahasha, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo. "Ukipika uniite," alisema.

Jumapili mama huyo alikusanya nguo za kufua. Alilichukua lile shati, akafungua kifungo cha mfuko. Bahasha ilikuwamo. Aliipanua kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaingiza kidole mpaka kwenye kona za chini. Haikuwa na kitu; mumewe alikuwa ameshaiondoa karatasi. Alililoweka shati, akaanza kufua.